Mshale wa RPM: Waya Mmoja Uliookoa Injini za Masela wa California

Ukipanda gari la kijana anayependa mbio, macho yanaenda moja kwa moja kwenye ile geji ya duara iliyobanwa karibu na usukani, mshale ukiruka kila akikanyaga mafuta. Filamu ya The Fast and the Furious ilipotoka mwaka 2001, geji za kuongeza zikazidi kuwa fasheni. Ila vijana waliozihangaikia zamani hawakuwa wanatafuta sifa. Walikuwa wamechoka kuua injini.

Turudi California, Marekani, miaka ya 1930. Vijana wasio na hela wananunua Ford kuukuu, wanang'oa kila kinacholeta uzito, halafu wanazipeleka kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, kaskazini mwa Los Angeles, kushindana nani mkali. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana zikaunda SCTA. Majina ya wengi wao hayapo popote. Walikuwa watu wa kawaida tu, wenye mikono michafu ya oili.

Ford hizo zilikuwa na spidomita ya kuonyesha gari linaenda kasi gani. Injini yenyewe inazunguka mara ngapi kwa dakika, hakuna aliyejua. Dereva alitegemea sikio. Akichelewa kubadilisha gia, injini inapitiliza uwezo wake: springi za vali zinazidiwa, konrodi inakatika, inatoboa bloku. Hela yote ya kujinyima inamwagika chini pamoja na oili.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbio za robo maili zikashika kasi, na NHRA ikaanzishwa mwaka 1951. Hapo sikio likawa halina kazi tena. Magari mawili yanakimbia bega kwa bega, ekzosi wazi, kelele ya mwenzako inameza ya kwako. Utajuaje injini yako imefika wapi?

Jibu lilikuwa gereji. Mafundi walishazoea mashine za kupima injini, zikiwemo za kampuni ya Sun Electric ya Chicago, na geji ya mizunguko ilikuwa kifaa chao cha kila siku. Geji za Sun zikahamia kwenye magari ya mbio, zikabanwa kwenye nguzo ya usukani, mbele ya macho ya dereva.

Ujanja wake ni mwepisi. Kila platini zikifunguka, koili inapiga cheche. Injini ya silinda 4 inapiga cheche 2 kwa kila mzunguko, ya silinda 6 inapiga 3, ya silinda 8 inapiga 4. Kwa hiyo unavuta waya mmoja kutoka upande wa negativu wa koili, geji inahesabu mapigo na kuyageuza kuwa RPM. Waya zinazobaki ni za kawaida: umeme unaokuja ukiwasha swichi, ethi na taa ya usiku.

Mtego upo kwenye kuchagua idadi ya silinda. Geji haijui imefungwa kwenye gari gani, inaamini ulichoiambia. Ukiiweka kwenye 8 wakati gari lako ni la silinda 4, itasoma nusu. Unaona 3,500, unajiona bado una nafasi, kumbe injini inalia 7,000. Hapo geji iliyonunuliwa kuokoa injini ndiyo inayoimaliza.

Mwaka 1967, Pontiac waliwapa wateja wa GTO nafasi ya kulipia geji ya RPM iliyokaa juu ya boneti. Kiwanda kikubwa kikawa kinauza kitu ambacho masela walishakifunga wenyewe gereji, bila kusubiri mtu.

Kwa hiyo mdau, ukinunua ya kwako, taa za rangi ziache kwanza. Anza na swichi ya silinda.