Miji ya Vifungo katika Ukingo wa Mississippi

Msafiri ashukaye polepole, katika majira ya kupukutika majani, kwa barabara iitwayo Great River Road, ambayo ilianza kupangwa mwaka 1938 ili ifuatane na mto Mississippi tangu chimbuko lake hata baharini, huona kwanza yale yasifiwayo na kila mtu: magenge marefu ya chokaa yaliyovikwa misitu ya rangi ya zafarani, maji mapana yaliyotulia baina ya visiwa, na miji midogo kama Lansing, Guttenberg na Bellevue, iliyojibanza katika ukanda mwembamba baina ya genge na mto. Uzuri huo ni wa kweli, wala sina nia ya kuupunguza. Lakini si haki kuipita miji hiyo kana kwamba iliwekwa pale ipate kutazamwa, ilhali wengi wa watu wake waliishi kwa kazi ngumu yenye uvundo, nayo ni kutengeneza vifungo vya nguo kwa magamba ya kome.

Asili ya shughuli hiyo ni Mjerumani John Boepple, fundi wa vifungo wa pande za Hamburg, aliyehamia Marekani mwaka 1887. Mwaka 1890 Kongresi ilipopandisha ushuru wa forodha, vifungo vya ng'ambo vikawa ghali, na gamba la kome wa mtoni, lililokuwa likikanyagwa bila kuangaliwa, likawa mali. Naye mwaka 1891 akafungua karakana katika mji wa Muscatine, jimbo la Iowa, ambako kome walikuwa wamelaliana chini ya maji kwa wingi usiokadirika. Haikutimia miaka 15 ila Muscatine peke yake ilikuwa ikitoa vifungo takriban bilioni 1.5 kwa mwaka, na miji ya juu na ya chini ikajaa vibanda vya kukatia magamba.

Wavuvi waliiacha mashua ichukuliwe na mkondo, huku wakiburuta upau wenye kamba nyingi na kulabu zisizo chambo. Kwani kome hulala mdomo wazi, na kulabu ikimgusa ndani hujifunga papo hapo akaing'ang'ania, hata akavutwa juu kwa ushupavu wake mwenyewe. Ufukweni walimpika kwa mvuke mpaka akafunuka, nyama wakawapa nguruwe, wakipapasa kwanza kwa tamaa ya lulu, kisha magamba yakaenda kwa wakataji. Mkataji alisimama kutwa mbele ya msumeno ulio mfano wa mrija, akitoa duara baada ya duara, mikono imelowa na vumbi jeupe likimwingia kifuani, na ndani ya viwanda wanawake na wasichana walizilisha mashine za kuchonga na kutoboa. Ujira ulifuata hesabu ya vifungo, na hesabu ilikuwa mikononi mwa mwenye kiwanda. Wafanyakazi wakalalamika kwamba wanapunjwa. Mwaka 1911 viwanda vya Muscatine vilifungwa kwa ugomvi huo, gavana akapeleka askari, na mwaka uliofuata mgomo ulikwisha pasipo wafanyakazi kupata walichokidai. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko hesabu yote ya mabilioni, kwa kuwa miji hii hupenda kuhadithia zaidi habari za fundi wake wa kwanza kuliko za mikono ile.

Fundi huyo mwenyewe alifariki mwaka 1912, baada ya kujikata mguu kwa gamba akichunguza kome mtoni, na jeraha likaoza. Wakati huo mto ulikuwa umekwisha kukombwa, hata serikali ikajenga kituo Fairport, karibu na Muscatine, ili kuwazalisha kome upya: kome mchanga hawezi kukua mpaka ajishike kwanza katika matamvua ya samaki, na wataalamu wakawa wakiwabebesha samaki mzigo huo na kuwarudisha majini. Haikutosha. Yakaja maji machafu ya miji na mabwawa ya kupitishia meli, kisha plastiki, ambayo viwanda vichache vilivyosalia viliigeukia.

Hata hivyo gamba halikukosa mnunuzi, maana Wajapani waliliona ndilo lifaalo kuwa kiini cha lulu ya kupandikizwa. Na lulu ya kupandikizwa, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia, ndiyo iliyoangusha soko la lulu la Ghuba ya Uajemi katika miaka ya 1930, soko ambalo miongoni mwa wapiga mbizi wake walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Tukirudi Mississippi, kaskazini ya miji ile ya vifungo, kando ya barabara ile ile, katika kijiji cha Genoa cha jimbo la Wisconsin, kipo leo kituo cha serikali kinachomlea kome aitwaye Lampsilis higginsii, aliyeandikwa mwaka 1976 katika daftari la viumbe walio hatarini kutoweka. Njia ya kituo hicho ni ile ile ya Fairport, kumbebesha samaki kome wachanga, isipokuwa sasa hakuna kiwanda kinachowangojea.