Mburuto na Mburutiko: Udongo Unaposhuka na Nguzo ya Msingi

Mnara wa Malaika wa Uhuru katika Jiji la Mexico ulizinduliwa mwaka 1910. Wakati huo aliyetaka kufika kwenye jukwaa lake alipanda vidato 9. Leo atapanda 23. Mnara haukuinuliwa. Barabara na bustani zinazouzunguka ndizo zilizoshuka, mwaka baada ya mwaka, hadi ikabidi vidato 14 viongezwe chini ya vile vya kwanza. Wenyewe umebaki umeegemea nguzo zilizopigwa chini sana ardhini. Jiji hilo limekaa juu ya udongo wa ziwa la kale, na kwa miongo mingi visima vimekuwa vikifyonza maji yaliyo chini yake. Mwaka 1947 mhandisi Nabor Carrillo alieleza jinsi ufyonzaji huo unavyoishusha ardhi: maji yakitoka, udongo hujikamua na kupungua unene. Sehemu za katikati ya jiji zimetitia zaidi ya mita 8 tangu mwanzo wa karne ya 20.

Vidato vile vinaonekana na kila mpita njia. Lisiloonekana ni lile lililotokea chini. Udongo ule, wakati unashuka, ulikuwa umezikumbatia nguzo pande zote, wala haukuziachia. Ulishuka nazo mkononi, kwa namna ya kusema. Kani hiyo ya udongo juu ya nguzo ina jina kwa Kiingereza, downdrag, na sisi tunaoandika ripoti na kufundisha kwa Kiswahili tunahitaji jina lake. Hoja yangu ni kwamba tunahitaji majina mawili.

Kwanza tuelewane kuhusu nguzo yenyewe. Neno nguzo kila mtu hulielewa kuwa ile inayosimama juu ya ardhi ikashika paa au daraja. Hii ya kuzama ardhini watu wa saiti huiita paili, nami nitafuata ulimi wao. Paili hubeba mzigo kwa njia mbili. Ncha yake hukanyaga tabaka gumu, na ubavu wake hushikwa na udongo unaouzunguka. Jengo likisukuma chini, udongo wa ubavuni hukataa, huizuia paili isishuke. Huo ni msuguano wa kawaida, msuguano unaosaidia.

Aliyewahi kuingia shamba la mpunga na gambuti anajua tope linavyoshika. Ukitaka kushuka zaidi, linakuzuia. Ukitaka kutoka, linakung'ang'ania. Sasa fikiria tope lenyewe ndilo linaloshuka, nawe umesimama juu ya jiwe. Mshiko ni ule ule, lakini sasa unakuvuta kwenda chini. Hivyo ndivyo inavyoipata paili udongo unaoizunguka ukishuka kuliko inavyoshuka yenyewe. Na haihitaji udongo ushuke sana: tofauti ya milimita chache kati ya udongo na ubavu wa paili inatosha kuamsha kani hiyo.

Sababu ya udongo kushuka mara nyingi ni sisi. Kufyonza maji ni moja. Kumwaga kifusi ni nyingine, na hii ndiyo tunayoifahamu zaidi. Mtu amepata kiwanja bondeni, la kwanza ni kumwaga kifusi kiwanja kipande. Fundi atamshauri aache kifusi kikae, na ni ushauri mwema, ila kifusi chenyewe ni nusu ya habari. Uzito wake umeukalia udongo mfinyanzi laini ulio chini, na mfinyanzi huachia maji yake polepole mno. Utaendelea kushuka kwa miaka baada ya nyumba kuhamiwa. Nyumba iliyosimama juu ya paili katika ardhi ya namna hiyo utaitambua mlangoni: ngazi iliyojengwa juu ya kifusi imeachana na ukuta, mkono unapita kwenye upenyo, na bomba la maji taka limekatika pale pale linapotoka ukutani. Mwenye nyumba husema ngazi ilijengwa vibaya. Ngazi haina kosa. Imefuata ardhi, na nyumba haikufuata.

Tupige hesabu ndogo. Paili ya duara yenye kipenyo cha sentimita 60 ina mzingo wa karibu mita 1.9. Ikipita kwenye mita 12 za udongo unaoshuka, eneo la ubavu wake lililoshikwa ni karibu mita za mraba 22.6. Tukikadiria kwamba kila mita ya mraba inavutwa kwa tani 2, udongo peke yake umeongeza mzigo wa tani 45 ndani ya paili ile, na bado hujaweka tofali moja. Huko Norway, katikati ya miaka ya 1960, Laurits Bjerrum na mwenzake walipima paili za chuma zilizopita kwenye mfinyanzi hadi kwenye mwamba, katika eneo la bandari ya Oslo lililojazwa kifusi. Paili hazikubeba jengo lolote. Udongo ulikuwa umeitwisha kila moja takriban tani 400.

Sasa jina. Tafsiri ya haraka iliyopo vichwani mwa wengi ni msuguano hasi, yaani Kiingereza kimehamishwa neno kwa neno. Wakati mwingine hufuatwa na "wa ngozi", na hapo mwanafunzi anabaki anajiuliza zege lina ngozi gani. Hilo la ngozi ni dogo. Tuna neno ubavu, nalo linatosha. Linalonisumbua ni hasi. Mwanafunzi akisikia hasi, anatoa. Anachukua uwezo wa paili kubeba, tuseme tani 200, anaondoa tani 45, anaandika 155. Kisha anaongeza paili nyingine, na nyingine, au anazirefusha. Kosa hilo limefanywa na wahandisi wengi waliosoma kwa lugha nyingi, na neno limechangia.

Ni kosa kwa sababu hii. Uwezo wa paili kubeba ni mzigo ule ambao ukiuzidisha, paili inatumbukia ardhini. Paili inayotumbukia inashuka kuliko udongo. Ikishuka kuliko udongo, msuguano wote wa ubavuni, kuanzia juu hadi chini, unageuka na kuelekea juu, kuizuia. Yaani pale paili inapokaribia kushindwa, kani ya kuivuta chini haipo tena. Karibu na Göteborg, Sweden, mwishoni mwa miaka ya 1960, Bengt Fellenius na Bengt Broms walizipigilia paili za zege kwenye mfinyanzi laini wenye kina cha mita 40 hivi, wakapima kani ndani yake. Udongo uliovurugwa na upigaji ulipojikaza tena, ulianza kuzivuta chini, bila kifusi wala kisima. Mzigo ulipowekwa juu ya paili, kani ile ya kuvuta ikapungua. Kitu kinachofutwa na mzigo hakiwezi kutolewa kwenye uwezo wa kubeba mzigo. Ndiyo maana hata kanuni za Ulaya za usanifu wa misingi zinasema kwa kawaida hakuna haja ya kujumlisha mzigo wa kupita, kama wa magari darajani, pamoja na kani hii kana kwamba vinatenda kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo tuachane na hasi. Tuna vitenzi. Kuvuta ni kupana mno, na uvutano tumekwisha kuupa kazi ya dunia na vitu vyake. Kukokota kuna kamba au mpini katikati: anayekokota yuko mbele, kinachokokotwa kiko nyuma. Kuburuta ndiko kwenye picha tunayoitaka. Gunia linaloburutwa linagusa ardhi njia nzima. Ndani ya kitenzi hicho msuguano umo tayari, pamoja na maana ya kupelekwa bila hiari. Najua kuna atakayesema kuburuta ni kwa mlalo, na kwamba gunia haliburutwi kwenda chini. Lakini mtu huburutwa hata kuteremka mlima, na gambuti katika tope lile imeburutwa, sioni kitenzi kingine kinachokaa vizuri zaidi. Basi kani hiyo tuiite mburuto.

Na hapa Kiswahili kina faida ambayo Kiingereza kimehangaika kuipata. Fellenius ametumia miaka mingi kuwasihi wenzake watenganishe vitu viwili wanavyovichanganya: kani ambayo udongo unaitwisha paili, na kule kushuka kwa paili kunakofuata. Sisi tunaongeza silabi moja. Buruta, burutika. Mpigo ni wa mpigaji. Mvunjiko umekaa katika kitu chenyewe. Mburuto ni wa udongo, unapimwa kwa tani. Mburutiko ni wa paili, unapimwa kwa milimita.

Mtu ataona ni uchambuzi wa wanalugha. Sivyo, kwa kuwa viwili hivi mara nyingi huenda kinyume. Chukua paili iliyokanyaga mwamba, kama zile za Oslo. Haishuki, kwa hiyo udongo unateleza juu yake kutoka juu hadi karibu na ncha, na mburuto unakuwa mkubwa kabisa. Mburutiko karibu haupo. Chukua sasa paili fupi inayoelea katikati ya mfinyanzi, isiyofika popote pagumu. Udongo ukishuka, nayo inashuka nao, haishindani. Mburuto ni mdogo. Mburutiko ndio utakaopasua kuta. Mhandisi mwenye neno moja atasema paili zote mbili zina tatizo la aina moja, na atazitibu kwa dawa moja.

Kati ya hali hizo mbili kuna mahali katika kila paili ambapo udongo na paili vinashuka kwa kiasi kile kile. Juu yake udongo unaburuta; chini yake udongo unazuia. Hapo ndipo kani ndani ya paili inapofikia kilele. Nimewahi kufikiria kupaita usawa tuli, nikaacha, kwa kuwa hapana utulivu: vyote viwili vinashuka, ila kwa hatua moja. Napendelea usawa wa pamoja. Mafundi hutumia usawa kila siku wanapopima kimo, kwa hiyo halitawatisha.

Usawa wa pamoja ukijulikana, usanifu unanyooka. Unauliza: zege na nondo za paili zinaweza kustahimili mzigo wa kudumu wa jengo pamoja na mburuto, pale kwenye usawa huo? Hilo ni swali la nguvu ya paili yenyewe. Kisha unauliza: udongo wa kimo hicho utashuka milimita ngapi? Paili itashuka kiasi hicho hicho, ukiongeza ule mfinyo mdogo wa urefu wake, na huo ndio mburutiko. Usawa ukiangukia kwenye mchanga mgumu, ni milimita chache. Ukiangukia kwenye tope, hata ujaze nondo kiasi gani, jengo litafuata ardhi.

Dawa zipo. Bjerrum na wenzake walionyesha kwamba paili ya chuma iliyopakwa lami laini hupunguza mburuto kwa sehemu kubwa, kwa kuwa udongo hupata pa kuteleza. Lakini lami isishuke chini ya usawa wa pamoja, maana huko utakuwa umelainisha msuguano unaokusaidia. Na paili ikipigiliwa kwenye kokoto, lami hukwanguliwa njiani. Paili za mshazari ziepukwe mahali ambapo ardhi itashuka, kwani udongo huzikalia mgongoni na kuzipinda. Ninayoipenda kuliko zote ni subira: kuitwisha ardhi kifusi mapema, kuchomeka tambi za kutolea maji ili mfinyanzi ujikamue haraka, na kupiga paili baada ya ardhi kumaliza sehemu kubwa ya safari yake. Inagharimu miezi, na wateja hawaitaki.

Mexico walikwenda njia mbili. Leonardo Zeevaert, aliyeandika mengi juu ya mburuto, aliusimamisha mnara wa Torre Latinoamericana, uliokamilika mwaka 1956, juu ya paili 361 zilizofika kina cha mita 33 hivi. Manuel González Flores alibuni paili zinazopenya kwenye matundu ya msingi bila kuunganishwa nao, zikibanwa juu kwa skrubu na vipande vya mbao vinavyobonyea, ili jengo literemshwe taratibu kulingana na ardhi. Katika miaka ya 1970 paili kama hizo ziliwekwa chini ya kanisa kuu la jiji. Wa kwanza alijiandaa kwa mburuto. Wa pili aliukubali mburutiko na kuutawala.

Ndugu mhandisi, ripoti yako ya msingi katika ardhi iliyojazwa iwe na mistari miwili iliyotengana: mburuto, tani ngapi; mburutiko, milimita ngapi. Na aliyekujazia kiwanja mwulize kifusi kilimwagwa lini.