Alama Juu ya Kidonge

Bibi alipofariki tulikuta kopo la maziwa limejaa vidonge vyeupe, bila karatasi. Shangazi akagusisha kimoja ulimini. "Kichungu. Ni klorokwini hii," akasema, akataka kuwawekea wanawe. Baba akalipeleka kopo zahanati. Mganga akavigeuza mkononi. "Dawa chungu ni nyingi," akasema. "Hivi sivijui."

Haja ya dawa kujitambulisha ni ya kale. Katika karne ya pili tabibu Galen alikwenda kisiwa cha Lemnos, huko Ugiriki, akaona udongo wa dawa ukipigwa muhuri ili asili yake ijulikane. Mwaka 1843 Mwingereza William Brockedon alipata hataza ya kushindilia unga kuwa kidonge. Vidonge vikaanza kufanana kama punje za mtama. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1993, ikaanza kutumika 1995: vidonge vingi viwe na alama ambayo, pamoja na umbo, ukubwa na rangi, hutambulisha dawa na mtengenezaji.

Lakini alama humfaa mwenye orodha yake, na wanaoghushi dawa hughushi na alama. Mimi huacha dawa katika pakiti yake. Kisicho na jina nampelekea mfamasia, ulimi siuulizi.