Same ya garimoshi, mkonge na mbiru

Treni ya abiria ilirudi kaskazini Desemba 2019. Kwa zaidi ya miaka 20 reli inayopita chini ya milima ya Upare ilikuwa haina treni ya abiria, nyasi zimeota katikati ya mataruma, na vijana wa Hedaru na Makanya wamekua bila kuingia ndani ya behewa. Iliporudi, ilirudi na hadithi zake. Wazee wa njia hii wakianza kusimulia kazi ya zamani hawanyamazi upesi: mshahara uliokuja kwa tarehe yake, sare za kaki zilizopigwa pasi ya mkaa, nyumba za reli zilizopakwa chokaa, kiberenge kilichopita alfajiri kukagua njia. Siku hizo, wanasema, mtu mwenye kazi alijulikana hata kwa mwendo wake.

Sina ugomvi na hamu hiyo. Mtu aliyelipwa kwa wakati kwa miaka 30, kisha akaona watoto wake wakihangaika na vibarua vya siku moja moja, ana haki ya kuikumbuka tarehe ya mshahara. Ninachogombana nacho ni usahaulifu unaokuja nayo. Januari 2025 ilitimia miaka 80 tangu maelfu ya Wapare washuke milimani, waje Same na kukaa hapa wakikataa kodi ya serikali ya kikoloni. Siku ile haimo katika kalenda yoyote ya sikukuu. Filimbi ya garimoshi tunaikumbuka. Umati ule, ambao ndio tukio kubwa kuliko yote yaliyowahi kuupata mji huu, umeachiwa maprofesa.

Reli yenyewe inasimulika upesi. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa mwaka 1916, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja na kung'oa njia, na Waingereza wakaijenga upya. Mwaka 1929 ikafika Arusha. Ukitoka Mombo unapita Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Kisangiro, halafu Kahe. Majina hayo ukimwambia mtu aliyefanya kazi reli, atayapanga kama tasbihi, tena kwa kwenda na kurudi.

Kabla ya reli, watu wa huku walikaa juu. Milimani kulikuwa na mvua, migomba, mifereji na ndiva za kuhifadhia maji ya kumwagilia. Chini kulikuwa na nyika, mbu na ukame. Reli ndiyo iliyoipa nyika thamani, na kilichofuata reli ni mkonge. Zao hilo liliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa miche iliyotoka Florida, na inaelezwa kwamba iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo mashamba yalitambaa kuifuata njia ya garimoshi mpaka Upare, yakashika Makanya na Kisangara, na ng'ambo ya pili ya milima yakashika Ndungu.

Nani alifanya kazi humo? Hapa ndipo simulizi ya kambi za mkonge inapohitaji kusahihishwa kidogo. Wengi wa wakataji hawakuwa Wapare. Walikuwa manamba, watu walioandikishwa kwa mkataba huko kwao Kigoma, Songea, Iringa, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakapewa namba na kusafirishwa mamia ya maili. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, maarufu kwa jina la SILABU, na kuanzia hapo kazi ya kukusanya watu ikafanywa kama kiwanda. Mpare wa Mbaga au Chome alikuwa na shamba lake juu. Aliteremka kwa kipande kimoja au viwili, akapata fedha ya kodi na ya shuka, akapanda tena. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo mnyapara hakuridhika na mzigo wako haikuandikwa. Anayesema siku hizo kazi ilikuwa na utaratibu anasema kweli. Utaratibu ulikuwapo, ila kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo hamu ya zamani hulipita kando. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na Waingereza wakakosa katani ya huko ya kutengenezea kamba za meli. Wakaigeukia Tanganyika. Watu walikamatwa kwa amri ya vita na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge kwa lazima. Nguo ziliadimika madukani. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo ofisi ya wilaya iliyokuwa hapa Same iliamua kuwatoza Wapare kodi mpya.

Mambo yaliyofuata tunayajua kwa kirefu kwa sababu ya mtu mmoja. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare na mmoja wa waanzilishi wa uandishi wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1971 kijitabu kuhusu mgomo wa kodi hiyo, kisha akaurudia katika kitabu kikubwa cha mwaka 1991 kuhusu Upare na uchumi wa dunia. Nakiri kwamba ninapouona mgomo huu nauona kwa macho yake.

Zamani mbiru ilikuwa ushuru ambao watu wa Upare waliwatolea watawala wao. Serikali ililichukua jina hilo na kulivisha kodi nyingine kabisa. Juu ya kodi ya kichwa, ambayo kila mwanaume alilipa kiwango kilekile, iliongezwa kodi ya kila mtu kwa kadiri ya mali yake: ng'ombe, kahawa, mashamba, mshahara. Fedha zingeingia kwenye hazina ya wenyeji na kujenga nchi yao. Kwa karatasi, jambo hilo ni la haki. Mchumi wa leo angelisifu, kwa kuwa mwenye kingi anatoa kingi.

Lakini nani atakayehesabu? Shida ilikuwa hapo. Waliopewa kazi ya kukadiria mali walikaa karibu na watawala, na Upare ulikuwa na watawala tisa, kuanzia Ugweno na Usangi kaskazini hadi Mamba na Gonja kusini. Mtu aliambiwa kiwango chake bila kuelezwa kimepatikanaje. Jirani mwenye mali kama yake alilipa pungufu, na jirani huyo alikuwa shemeji wa mkubwa. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi serikali ilikuwa imemletea Mpare kesi ya ng'ombe wake mwenyewe, tena ikamnyima nafasi ya kuuliza swali.

Waliokataa hawakusema hawataki kulipa. Hilo ndilo linaloufanya mgomo huu uwe na akili ya pekee. Walisema: kama serikali ina haja ya fedha, iongeze kodi ya kichwa, tutalipa sote sawasawa, lakini kukadiriwa hatutaki. Mkuu wa wilaya hakuwaelewa, au hakutaka kuwaelewa. Mtu anayeomba kodi ya kichwa iongezwe ili asitozwe kwa mali yake lazima, kwa fikra za ofisini, awe mjinga au mchochezi.

Januari 1945 watu wa Usangi walianza kuteremka kuja Same kwa miguu, na mwendo huo si mfupi. Watu wa maeneo mengine wakafuata, mpaka kusini yote ikaamka. Walifika kwa maelfu, wakakaa. Mji wenyewe ulikuwa stesheni, boma, maduka machache na miiba. Wakalala nje, wakapikiwa na wenzao, wakapokezana zamu: hawa wakirudi kulima na kuona watoto, wale wanashuka. Hawakuchoma boma wala kuvunja duka. Walikuwa pale tu, kila asubuhi, mbele ya macho ya mkuu wa wilaya.

Jaribu kufikiria jambo hilo kwa jicho la mtu wa reli. Treni inaingia kutoka Tanga imebeba manamba wanaokwenda mashambani, na nje ya stesheni wamejaa wanaume waliokataa kuhesabiwa mali. Kodi ndiyo iliyowateremsha wengi kwenye mkonge. Mwenye deni la kodi hachagui kazi. Kwa hiyo aliyegoma Same alikuwa anagombea pia uhuru wa kuamua ni lini atateremka na ni lini atapanda.

Viongozi wao, akiwamo Paulo Mashambo wa upande wa kusini, waliandika. Walituma malalamiko Dar es Salaam kwa Gavana, na hata Uingereza. Sifa ya kupenda kesi, ambayo watani wetu hutucheka nayo, safari hii ikawa silaha.

Kisha wakaingia wanawake, na hapo kisa kikabadilika. Kulima, kuchota maji, kuchunga, kulea, kupeleka chakula Same: mizigo yote ya nyumba ambazo wanaume wake walikuwa kwenye mgomo ilikuwa mabegani mwao. Ilipofika mwaka 1946 wakubwa wa serikali walipanda Usangi kuzungumza na mtawala wa huko. Wanawake wakakusanyika, wakawapa hoja moja isiyo na njia ya kuikwepa: ama wamalize jambo hili waume zao warudi nyumbani, ama wakubwa hao wenyewe wawape mimba, kwa maana wao wameachwa bila wanaume. Wakubwa walipojaribu kuondoka bila jibu, walirushiwa mawe.

Nimesikia watu wakikisimulia kisa hicho kwa kicheko, kama kichekesho cha akina mama. Mimi sikioni hivyo. Katika jamii ambayo mwanamke hakuruhusiwa kusimama kwenye baraza na kusema habari za kodi, walichukua lugha ambayo hakuna mwanaume, mweusi au mweupe, aliyeweza kujifanya hajaisikia. Mtafiti wa Kimarekani Jean O'Barr aliandika baadaye juu ya wanawake hao wa Upare kama mfano wa ushiriki katika siasa. Huku kwetu bado wanasubiri kutajwa.

Mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha. Serikali iliiacha na kurudi kwenye kodi ya kiwango kimoja, iliyoongezwa, yaani kitu kilekile ambacho watu walikiomba tangu mwanzo. Miaka miwili ya kulala nje ilipotea kwa sababu ofisi moja haikutaka kusikiliza.

Yaliyobaki ni ya haraka. Watu wa reli nao waligoma, mwaka 1947 na tena mwaka 1960, uhuru ukiwa mlangoni. Mwaka 1963 njia ya kaskazini iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, ambazo haijazifikia tena. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, Azimio la Arusha likataifisha mashamba mengi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 30,000. Makambi yaliyokuwa na zahanati, timu ya mpira na ngoma za makabila 10 yakabaki na watu waliozeeka humo, ambao kwao hawakujui tena.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli liligawanywa kama mirathi ya ndugu waliokosana. Wastaafu wake, wakiwamo wa njia hii, walikaa miaka mingi wakidai mafao yao, na wengine walikwenda Dar es Salaam wakalala nje na kuziba barabara kwa miili yao ya uzee. Hao ndio tunaoambiwa waliishi enzi nzuri. Walipokosa kusikilizwa walifanya walichofanya Wapare wa mwaka 1945, ingawa sidhani kama wengi wao walijua. Mabasi yalichukua abiria, malori yakachukua mizigo, na stesheni zikafungwa moja baada ya nyingine.

Sasa treni ipo tena, na kuna mipango ya reli mpya ya kisasa kutoka Tanga. Mafundi wakija, majengo ya zamani yatakuwa ya kwanza kuondoka, kama ilivyo desturi. Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Shirika la Reli na Halmashauri ya Wilaya ya Same: wekeni kibao mahali pa wazi pale stesheni, chenye mwaka 1945, neno mbiru, na mstari mmoja wa wanawake wa Usangi. Gharama yake haifiki bei ya tairi la lori. La pili ni kwenu wasomaji wa Same, Mwanga, Hedaru, Makanya na Ndungu. Kama babu au bibi aliacha kipande cha mkonge, kitambulisho cha reli au stakabadhi ya kodi ya miaka hiyo, kipigeni picha, andikeni jina la mwenyewe nyuma yake, na pelekeni nakala kwa mwalimu wa historia wa sekondari iliyo karibu. Anzeni na masanduku ya wazee walio hai, maana hao bado wanaweza kuulizwa.