Kebo ya Boda Ina Historia, Msiichukulie Poa

Wasee, kuna watu wakisikia kebo ya mafuta imetengenezwa kwa mkono kando ya barabara wanacheka, eti ni mambo ya jua kali. Mimi nasema hiyo kazi ina ukoo mrefu.

Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa na kabureta inayonyunyiza petroli kwenye hewa. Mwaka 1896 Ernest Bowden akapata hataza Uingereza ya waya unaoteleza ndani ya mrija unaopinda. Hadi leo, ukizungusha mkono wa pikipiki, waya huo unavuta, pistoni ya kabureta inapanda, moto unaongezeka.

Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, boda zikajaa kila mtaa. Sasa mwenye 100cc akifungiwa kabureta ya 150cc, kebo yake ya zamani inaweza kukataa: urefu haulingani, kichwa hakiingii. Fundi anakata waya, anatawanya nyuzi za ncha, analehemu kichwa kipya.

Lakini hapa hakuna mchezo. Kabla ulipe, washa injini, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Ikinguruma yenyewe, kebo imevutwa sana. Ukiachilia mkono, lazima urudi wenyewe. Waya ukikwama moto ukiwa juu, ni wewe na abiria wako.

Kwa hivyo ufundi huu tuuheshimu, na tudai ufanywe sawasawa.