Vyombo Vinne Vilivyousikiliza Mwezi

Novemba 20, 1969, Charles Conrad na Alan Bean walipokwisha kurudi salama katika chombo kikuu cha safari ya Apollo 12, kile chombo kidogo kilichowapandisha kutoka Mwezini, Intrepid, kiliachwa kianguke. Kiliangushwa kwa makusudi. Zaidi ya kilomita 70 kutoka kilipopiga, kipima mitetemo ambacho wanaanga hao walikuwa wamekitega siku iliyotangulia kilianza kuandika. Duniani, kishindo cha namna hiyo kingekwisha ndani ya dakika chache. Mwezini mtetemo ulipanda polepole, ukafika kilele, kisha ukachukua karibu saa nzima kufifia.

Hakuna mtaalamu wa matetemeko aliyewahi kuona mchoro kama ule. Magazeti yakaandika kwamba Mwezi umelia kama kengele, na wako waliorukia dhana kwamba ndani ni mtupu. Sababu ya kweli ni nyingine, nami naiona ya kuvutia zaidi. Ngozi ya juu ya Mwezi imepigwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka hadi imejaa nyufa. Wimbi likiingia humo hugonga huku na kurudi kule, likatawanyika pande zote. Tena miamba yake ni mikavu mno. Duniani maji yaliyomo katika miamba huimeza nguvu ya wimbi mapema. Mwezini hakuna cha kuimeza, basi mtetemo unazunguka tu.

Kabla ya hapo, yaliyojulikana kuhusu tumbo la Mwezi yalitokana na hesabu za mbali. Uzani wake ukilinganishwa na ukubwa wake ni mdogo kuliko wa Dunia, kwa hiyo hauwezi kuwa na kiini kikubwa cha chuma kama chetu. Harold Urey, mkemia wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel, aliamini kwamba Mwezi ni jiwe baridi lisilobadilika tangu mfumo wa Jua ulipoumbwa. Wengine walisema uliwahi kuwaka moto na kuyeyuka. Mawe yaliyoletwa na wanaanga yalianza kulimaliza bishano hilo, lakini mawe huokotwa juu. Ya ndani kabisa hujulikana kwa mitetemo.

Kipima mitetemo cha kwanza kilitegwa na Buzz Aldrin katika safari ya Apollo 11, Julai 1969. Kilitegemea umeme wa jua, kikanasa hata nyayo za wanaanga, lakini kilidumu wiki tatu tu. Kuanzia Apollo 12 vyombo vilipewa umeme utokanao na joto la madini ya plutoni, usiojali usiku wa Mwezi ambao huchukua majuma mawili. Apollo 14, 15 na 16 ziliongeza vituo vyake, na kufikia Aprili 1972 kukawa na vituo vinne vinavyosikiliza kwa pamoja. Katikati ya hayo, Aprili 1970, wakati wanaanga watatu wa Apollo 13 wakipigania uhai wao baada ya tangi la oksijeni kulipuka, sehemu ya roketi yao yenye uzito wa tani 14 hivi iliupiga Mwezi kama ilivyopangwa. Safari ile haikutua, lakini mtetemo wake ulidumu zaidi ya saa tatu.

Kazi hii iliongozwa na Gary Latham, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Yosio Nakamura, ambaye baadaye aliiendeleza Chuo Kikuu cha Texas. Kwa jumla waliorodhesha matukio zaidi ya 12,000. Vimondo vilivyopiga ni karibu 1,700. Matetemeko ya karibu na uso yalikuwa machache, 28 tu, ingawa ndiyo yaliyokuwa na nguvu kuliko yote. Kundi kubwa lilitoka kina cha kilomita 700 hadi 1,100, na hilo ndilo lililowaduwaza: mahali palepale palitetemeka tena na tena, kwa mpango wa siku kama 27, sawasawa na muda wa Mwezi kuizunguka Dunia.

Watu wa pwani wanajua jinsi Mwezi unavyoyavuta maji hadi bamvua. Dunia nayo inauvuta Mwezi, tena kwa nguvu zaidi, kwani uzito wake ni mara 81. Kwa kuwa Mwezi hauna bahari, kinachovutwa ni jiwe lenyewe. Mwezi ukikaribia katika mzunguko wake, jiwe linabanwa. Ukienda mbali, linalegea. Kule chini, penye udhaifu, linatetemeka.

Julai 1972 kimondo kikubwa kilipiga upande wa Mwezi tusiouona kamwe kutoka Dunia. Mawimbi yake yalipita chini sana kabla ya kuvifikia vituo, na yale yanayotikisa jiwe kwa ubavu, ambayo hayapiti ndani ya kitu kilichoyeyuka, yalifika yamedhoofika. Nakamura na wenzake wakaona dalili kwamba chini kabisa kuna joto na jiwe lililolainika.

Septemba 30, 1977 vyombo vilizimwa kwa amri kutoka Dunia ili kubana matumizi. Vilikuwa bado vinaleta habari. Sioni jina la uamuzi ule ila hasara, maana gharama kubwa ya kuvifikisha ilikuwa imekwisha kulipwa, na kuvisikiliza kuligharimu kidogo sana.

Kilichookoa kazi hiyo ni kanda za sumaku. Kanda huchakaa, na mitambo ya kuzisoma huacha kutengenezwa. Nakamura alikaa na rekodi hizo miaka nenda miaka rudi, akizihamishia katika kanda za kisasa zaidi kabla hazijapotea. Hakukanyaga Mwezi wala uso wake haukujulikana mitaani, lakini kwangu mimi mchango wake unasimama bega kwa bega na wa waliotembea kule.

Mwaka 2011 Renee Weber wa NASA na wenzake walizichambua upya rekodi hizo kwa kompyuta ambazo Latham hakuwa nazo. Walichukua matetemeko yaliyotoka chanzo kimoja wakayajumlisha, ili kelele zifutane na mwangwi hafifu ujitokeze. Wakakipata kiini: katikati chuma kigumu, kilomita 240 kutoka kitovu; kisha chuma kilichoyeyuka hadi kilomita 330; kisha jiwe lililoyeyuka nusu hadi kilomita 480. Mwaka 2023 watafiti wa Ufaransa waliotumia njia nyingine, ukiwemo mwanga wa leza unaorudishwa na vioo vilivyoachwa Mwezini, nao walipata kiini kigumu kinachofika karibu kilomita 258 kutoka kitovu. Na mwaka 2024 Keisuke Onodera wa Japani, kwa kupekua sehemu ya rekodi ambayo haikuwa imechambuliwa ipasavyo, aliibua matukio mengine zaidi ya 22,000. Vyombo vilikuwa vimezimwa miaka 47.

Lakini vituo vyote vinne vilikuwa upande unaotutazama, viwili kati yake vikiwa vimetengana kilomita 180 hivi tu. Karibu matetemeko yote ya kina yaliyopatiwa mahali yalitoka upande huohuo. Je, upande wa pili umetulia kweli, au hutetemeka na lile jiwe lililolainika karibu na kiini huyameza mawimbi yasitufikie? Chombo cha India, Chandrayaan-3, kilibeba kipima mitetemo Agosti 2023 hadi karibu na ncha ya kusini, kikasikiliza kwa siku chache kabla ya usiku kuingia. NASA imepanga kutega kingine ndani ya bonde la Schrödinger, katika upande huo wa pili, kilichotengenezwa kiweze kuhimili baridi ya usiku.