Tumaini la Ufufuo katika Udongo wa Unguja

Nyuma ya madhabahu ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, umelazwa mwili wa Askofu Edward Steere, aliyefariki Agosti 1882. Madhabahu hiyo, kwa mapokeo ya mahali hapo, imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Soko lenyewe lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash bin Said, na siku ya Krismasi ya mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Waanglikana wa UMCA ndio waliofanya kazi hiyo, na ni haki Walutheri wawakumbuke kwa shukrani.

Uzito wa kaburi lile hauonekani mpaka ikumbukwe jinsi mtumwa alivyokufa Unguja. Wasafiri waliofika katikati ya karne ya 19 waliandika habari za maiti zilizotupwa ufukweni. Mtu aliyekwisha kung'olewa katika ukoo wake, huko Uyao au Nyasa, hakuwa na wa kumlilia wala wa kulitaja jina lake kati ya wahenga. Kwa fikira za Kiafrika huko ni kufa mara mbili. Basi waliokombolewa walipopewa makao Mbweni, hawakupata shamba, shule na kanisa tu. Walipata pia mahali pa kuzikwa kwa jina la ubatizo. Bibi Caroline Thackeray, mwalimu wa wasichana pale, alizikwa papo hapo mwaka 1926, kati ya watu aliowatumikia.

Hata kabla ya hao, Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na CMS, alifika Unguja Januari 1844, akapokelewa na Sayyid Said na kupewa barua ya kumtambulisha pwani. Julai ya mwaka huo, Mombasa, alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Akaiandikia kamati yake London kwamba kaburi lile la upweke ni ishara kuwa kazi imekwisha kuanza. Wengine wangeliona kuwa sababu ya kurudi nyumbani. Lakini Krapf hakuwa mtu wa jiwe. Alilia, kama Martin Luther alivyomlilia binti yake Magdalena mwaka 1542. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini.

Tumaini hilo lilihitaji maneno, na hapa Unguja ilitoa zawadi kubwa, maana Kiswahili cha mji wake ndicho Steere alichokitumia kutafsiri Maandiko. Watafsiri hawakuyakimbia maneno yaliyokwisha kuzoeleka pwani. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ina kiyama, na mwivi msalabani anaahidiwa kuwa peponi. Hata neno marehemu, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni aliyerehemiwa. Halitaji matendo ya mtu, wala cheo chake, wala kama alikufa huru au mtumwa. Lataja rehema tu, na Mlutheri hana la kuliongezea. Jirani Mwislamu ajapo matangani kwa Mkristo, Kikwajuni au Mwanakwerekwe, hulitamka neno lilo hilo, na wafiwa huitikia.